Ukuta Nilioupigania

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeshinda! Jiwe la mwisho limewekwa leo wakati wa salongo, kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi, na aliyeliweka ni Léonard mwenyewe. Léonard, aliyesema mbele ya parokia nzima kwamba ukuta huu ni wazimu wa mwalimu mstaafu asiye na kazi. Leo alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Nilimpelekea maji anawe. Maji yale yalimuuma kuliko neno lolote.

Niandike tulikotoka, maana watu wa hapa husahau haraka. Tangu wenye bunduki wajikalie kwenye ufukwe wetu wa zamani, watoto hawakuwa na mahali pa kucheza. Uwanja wa kanisa umejaa mahema ya waliokimbia Walikale. Shule vilevile. Kilichobaki ni lile bonde dogo chini ya nyumba yangu: bakuli la majani kati ya ndimi mbili za mawe ya volkano, mdomo wazi upande wa ziwa. Kuna kivuli. Hakuna upepo. Na aliye ndani haonekani kutoka barabara ya Mubambiro — siku hizi hiyo peke yake ni nusu ya usalama. Basi Jumapili baada ya misa familia zikaanza kushuka pale na mikeka na masufuria.

Halafu Yves, mtoto wa Chantal, akateleza ziwani. Mvuvi alimtoa midomo imekwisha kuwa ya bluu.

Nikaandika. Karatasi baada ya karatasi kwenye valve, ubao wa matangazo wa parokia. Hakuna ukuta, hakuna watoto! Léonard, mwenyekiti wa Komite ya Familia, akajibu kwa mdomo kama kawaida yake: ziwa ni ziwa, mtoto ajifunze kuogelea. Nikamuuliza kama yeye alijifunza akiwa na miaka mitatu. Akina mama wakapiga makofi. Tukajenga, tukauziba ule mdomo wa bonde.

Sasa ukuta unanifika kifuani. Mawe ya volkano, udongo katikati, simenti juu. Mafundi walikuwa wameacha matundu chini, eti maji yapite. Maji gani? Mawe haya hunywa mvua kabla haijagusa chini! Mkono wa mtoto ukipita leo, kesho ni kichwa. Nilisimama pale mpaka wakaziba tundu la mwisho.

Chantal aliuliza kama hakuna mazuku. Swali la haki. Huku kwetu kila mtu anaijua ile hewa mbaya inayotoka ardhini bila harufu. Lakini mahali pake panajulikana, kule juu kuna kibao chenye fuvu. Katika bonde letu wazee walilaza mbuzi, na mbuzi waliamka.

Jumapili, 7 Septemba

Siku nzuri. Naandika hivyo bila aibu, mimi ninayejulikana kwa kutafuta mabaya.

Samaki wadogo wa sambaza wa kukaanga, mboga ya lengalenga, bugali wa muhogo. Mbio za magunia. Akina baba walivuta kamba dhidi ya akina mama, wakaburutwa kama magunia ya makaa. Astrid binti yangu alikalisha watoto wake wa kwaya kwenye mikeka chini ya ukuta, mimi nikawasimulia ya sungura na fisi, nimekaa juu ya jiwe kama askofu. Mjukuu wangu Uwamwezi mstari wa mbele, anasahihisha kila ninapokosea.

Upande wa Kibabi bunduki zililia kidogo. Watoto hawakugeuza hata kichwa. Hilo liliniumiza kuliko mlio wenyewe.

Léonard ana filimbi ya refa. Anapuliza kwa kila kitu. Watoto wapange mstari — pii! Chakula kimeiva — pii! Alinijia na sahani yake:

— Mama Emérita, sasa utaandika nini kwa valve? Hauna adui tena!

— Weye uko muzima, Papa Léonard. Unatosha.

Alicheka mpaka akakohoa. Ni mrefu mno huyu mtu, kicheko chake kinatoka juu kama mvua ya paa.

Uwamwezi amerudi anaumwa kichwa. Jua.

Jumamosi, 13 Septemba

Aibu! Nimeshuka asubuhi nikakuta wameandika kwenye simenti, kwa msumari, herufi kubwa: LÉONARD T., MWENYEKITI, ALIJENGA. Alijenga! Mtu aliyeupinga mpaka Julai!

Nimemkuta sokoni. Anasema si yeye, ni vijana wa komite walimheshimu. Nikamwambia ndivyo sanamu zote za wakubwa zilivyopatikana duniani, hakuna hata mmoja aliyeagiza yake. Akaniuliza kama nataka jina langu liandikwe pia. Sitaki! (Nataka kidogo.)

Mvua imeanza.

Jumanne, 16 Septemba

Kuku wa Chantal amekufa kwenye kiwanja chetu cha bondeni, miguu juu, hana jeraha. Ndege wadogo wawili karibu yake. Wanasema ugonjwa wa kuku umerudi. Nami nimesema hivyohivyo. Kila mvua ya Septemba huja na ugonjwa wa kuku.

Jumapili, 21 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Hatukushuka. Nyumba nzima yanuka nguo mbichi.

Komite imetangaza: Siku Kuu ya Familia itakuwa tarehe 5 Oktoba, kiwanjani. Ruhusa imepatikana kwa wakubwa wa sasa, wale wenye bunduki, lakini ya asubuhi tu. Kabla jua halijapanda kila mtu awe amerudi kwake. Basi watoto watashuka mara baada ya misa ya kwanza, bado umande. Astrid ameandaa kuimba na kucheza. Wengine wanacheza, wadogo wamekaa mikekani wanapiga makofi. Uwamwezi ni wa wadogo. Amevimba mashavu — anataka kucheza na wakubwa.

Jumatano, 24 Septemba

Siku mbaya. Nashukuru Mungu haikuwa mbaya zaidi.

Michel alimfunga mbuzi wake kiwanjani jana jioni, pamoja na wana wake wawili. Leo asubuhi wana wote wawili wamekufa. Mama yao mzima, amesimama kati yao, analia.

Michel hakulia. Michel alipiga kelele. Kabla sijamaliza kufunga kitambaa, kundi lilikuwa limekwisha fika shuleni kwa wakimbizi, na kilio ni kimoja: sumu.

— Bale ba Walikale njo balileta sumu! Kwanza kuku, sasa mbuzi! Kesho batoto!

Nilifika nikihema. Walikuwa wamemshika Papa Pierre wa Buleusa, mzee wa mikono mikubwa aliyeacha shamba la mpunga nyuma yake na sasa anashona viatu vya watu wanaomtukana. Hakuwa na woga. Alimwangalia Michel usoni.

— Sumu? Muzee, kama ningekuwa na kitu ya kutia mu mudomo, ningeikula miye mwenyewe.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kicheko kile kilimwokoa. Nami nikaingia katikati kwa mdomo wangu wote. Niliuliza nani ameona sumu. Nani ameinusa. Nani amefungua tumbo la mbuzi. Niliwaambia kijiji kinachotafuta mchawi kila mnyama anapokufa kitabaki na wachawi bila wanyama. Walitawanyika wakiguna. Michel aliniambia nitetee wageni, lakini siku mjukuu wangu akila sumu nisije kwake kulia.

Nimerudi nyumbani moja kwa moja kuandika. Karatasi kali, ya kuwachoma! Nikaanza kwa utaratibu, kama nilivyofundisha watoto wa watu miaka yote: kwanza hoja ya adui, halafu uivunje. Mnasema sumu. Sumu huwekwa katika majani. Mama mbuzi alikula majani yaleyale. Kwa nini ni mzima?

Hapo kalamu ilisimama.

Kwa nini ni mzima? Alikula yaleyale. Alilala palepale. Tofauti ni nini kati yake na wanawe?

Urefu wa shingo.

Nimepiga mstari chini ya maneno hayo. Kuku ni mfupi. Ndege waliotua ni wafupi. Uwamwezi aliumwa kichwa siku ile, mimi juu ya jiwe sikuumwa kitu.

Bonde lile lilikuwa na mdomo wazi kwa ziwa. Mazuku ni mzito kuliko hewa tunayovuta. Hutambaa, hutiririka kama maji, hutafuta chini. Kama unatoka kidogokidogo katika mawe yale — pengine tangu zamani za wazee — ulikuwa unashuka zake ziwani, na mbuzi waliamka. Sasa hauna pa kushukia. Sasa kuna bwawa.

Na nani alisimama pale mpaka tundu la mwisho likazibwa?

Alhamisi, 25 Septemba

Nimekwenda alfajiri. Peke yangu — ujinga! Ilinipasa kuchukua shahidi. Lakini nilitaka kwanza nijue kama nimekosea, na kukosea napenda kufanya faraghani.

Mshumaa ndani ya kopo, kopo kwenye kamba, kamba kwenye fimbo ndefu. Nilisimama juu ya ukingo wa mawe. Hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Nikateremsha. Mwanga ukashuka, ukashuka, ukawa mdogo, ukalala, ukazimika. Kama vile mtu ameuminya kwa vidole. Bado kopo halijagusa majani! Nikavuta, nikawasha, nikasogea kwenye ukuta. Pale ulizimika juu zaidi. Nikiwa kule chini, mazuku ungenifika kiunoni.

Kiunoni mwangu. Mtu mzima angesimama pale akisali rozari nzima asijue kitu. Mtoto aliyekaa mkekani —

Sitaandika sentensi hiyo.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimemleta Léonard. Jana hakupatikana, alikuwa Sake kwa mambo ya ruhusa. Leo amekubali kuja, lakini baada ya chakula. Nilimwambia lazima iwe alfajiri. Akasema alfajiri anakamua ng'ombe, na mazuku kama upo hauna saa ya ofisi.

Jua kali. Upepo kutoka ziwani unapeperusha kofia yake. Nikateremsha mshumaa. Ukawaka! Ukawaka mpaka chini, ukaunguza majani, shetani mkubwa! Nikarudia kwenye ukuta. Ukawaka. Nilimweleza: upepo umefagia, jua limepasha moto, rudi kesho kabla ya kucha. Nilijisikia mwenyewe nikiongea kama mganga ambaye dawa yake imekataa.

Hakunicheka. Ingekuwa afadhali. Alikaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, akasema polepole:

— Dada Emérita. Mwezi wa sita ulitutukana ju hatutaki kujenga. Mwezi wa tisa unatutukana ju hatutaki kubomoa. Sasa tukuamini mwezi gani?

Nikamwambia sitaki kubomoa, nataka matundu tu, chini, upana wa mlango wa kuku, mahali patatu. Akasema: yaleyale uliyoziba. Ndiyo, nikasema, yaleyale niliyoziba. Kisha akasema ruhusa imeandikwa mahali na siku, ikibadilika hata kidogo itapotea. Akasema watoto hawa hawajawa na siku moja ya kucheka kwa amani mwaka mzima, na yeye hatawanyang'anya kwa sababu ya mshumaa unaowaka.

Kibaya ni kwamba si mjinga. Ningekuwa yeye, ningesema hivyohivyo, na kwa ukali zaidi.

Jumapili, 28 Septemba

Padri amenipa nafasi baada ya matangazo. Nilisema yote. Mbuzi, kuku, mshumaa, ukuta. Nilisema "ukuta wetu". Nyuma mtu akasema kwa sauti:

— Wako!

Kicheko. Vema. Nikasema: wangu. Ukuta wangu. Nauomba uniue mimi kabla ya mtoto yeyote. Hapo hawakucheka, lakini hawakuamini pia. Niliona nyuso zao: Mama Emérita amepata adui mpya, safari hii ni hewa. Michel akapaza sauti kwamba natunga hadithi ya mazuku ili kuwafunika watu wa Walikale. Papa Pierre alikuwa pale mlangoni, kofia mkononi. Aliivaa. Aliondoka.

Nilingoja akina mama. Wale walionipigia makofi Julai! Chantal alisimama, Yves mgongoni ingawa sasa ni mkubwa mno kubebwa. Tangu siku ile ya ziwa hamshushi.

— Unataka kutoboa kule chini? Kule mutoto wangu alipitia? Mama, ile ukuta njo usingizi wangu. Mbele yake sikuwa nalala. Usiiguse. Minakuomba. Usiiguse.

Nimewahi kushindana na wakaguzi wa shule, na maofisa, na mapadri wawili. Mbele ya Chantal nilikaa chini.

Baadaye Léonard aliwashusha watu kiwanjani awaonyeshe. Alisimama katikati ya bonde, mikono imefunguliwa, mrefu kama mnara, jua la saa sita juu ya kipara chake. Akavuta pumzi kubwa. Pii! Watu wakapiga makofi.

Nilipiga kelele kutoka juu: Lala! Papa Léonard, lala chini kama mtoto!

Mwenyekiti wa komite, katika koti la Jumapili, alale kwenye matope mbele ya watu! Alinipungia mkono tu. Na hata angelala — saa sita, upepo unavuma.

Jumatano, 1 Oktoba

Mvua kila usiku. Asubuhi ukungu, ziwa limelala. Nimekwenda tena na mshumaa. Umezimika tena, juu zaidi ya mara ya kwanza. Safari hii nilikuwa na shahidi: nilimwomba Papa Pierre. Alitazama, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akasema kitu cha kweli na cha kuchosha:

— Mama, ushahidi wangu utakuharibia tu. Batasema njo miye nimezima.

Nilimpa Astrid habari jioni. Tuligombana. Si kugombana kwa kelele — kelele ningeiweza. Alikuwa anashona sare za watoto, hakuinua macho. Alisema tangu utoto wake amengojea siku moja ambayo mama yake hatakuwa na vita. Moja tu. Alisema shuleni walimwita mtoto wa Mama Hapana. Alisema hawa watoto wamefanya mazoezi huku wanasikia mabomu, na wimbo wao wa kwanza unasema furaha, na yeye ndiye anapaswa kuwaambia hapana?

Nikamwambia njoo uone mshumaa. Akasema anakuja kesho. Kesho barabara ilifungwa kwa msafara wa magari ya askari, hakuna aliyetoka nyumbani mpaka mchana. (Naandika hii Alhamisi. Nimechanganya siku. Basi.)

Jumamosi, 4 Oktoba

Salongo. Siku pekee ambayo kila mtu ana jembe mkononi na hakuna anayemuuliza mwenzake anakwenda kuchimba nini. Nilijipanga. Nilishuka mapema na sururu ya marehemu mume wangu, nikasimama nje ya ukuta, upande wa ziwa, maji yananifika magotini. Upande ule ni salama, hewa inatembea. Nikapiga chini.

Simenti ni nzuri. Niliisimamia mwenyewe! Sururu inaruka kama inapiga chuma. Nimetoa jiwe moja, la ukubwa wa kichwa, na nyuma yake udongo mgumu tele. Mikono imechubuka. Umri huu!

Chantal alikuja mbio. Hakunigusa. Alipanda juu ya ukuta, juu ya kichwa changu hasa, akakaa na Yves mapajani. Mtoto ananiangalia kutoka juu, ananyonya kidole. Nikaacha kupiga. Ningepigaje?

Wanaume wakaja. Michel akanyakua sururu. Mtu akasema wanipeleke kwa wakubwa wa sasa, kuharibu kazi ya salongo ni kosa. Léonard akapuliza filimbi — mara hii nilifurahi kuisikia. Akawaambia hakuna mtu wa parokia atakayepelekwa kwa mwenye bunduki yeyote kwa ajili ya jiwe. Akachukua sururu kwa Michel, akanirudishia yeye mwenyewe. Lakini jiwe akalirudisha mahali pake, akalipigilia kwa kisigino.

Tulibaki wawili. Nilimwomba kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Sikubishana, niliomba. Kesho uje kabla ya watoto. Usije na filimbi tu. Chukua huu mshumaa. Ukifika chini, usisimame. Hapana — usishuke kabisa, uuteremshe kutoka ukingoni kama mimi. Akaupokea. Akauangalia.

— Kesho nitafika wa kwanza, kupanga mikeka. Nitauwasha, dada. Ju yako. Ukiwaka, utacheza na sisi?

— Ukiwaka nitacheza mpaka mifupa ianguke.

Akautia katika mfuko wa koti. Nikamkumbusha: kutoka juu! Akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ndiyo ya mtu anayefikiria mikeka.

Chantal alisikia yote. Alikuwa bado juu ya ukuta. Nilimwachia mshumaa pia, pamoja na kopo na kamba yangu, kwenye jiwe kando yake.

Astrid amepita jioni kuchukua nguo za Uwamwezi. Mikono yangu imefungwa vitambaa. Aliiona. Mlangoni akageuka: kesho baada ya misa atawaimbisha watoto nyimbo mbili zaidi kanisani kabla ya kushuka, jua litoke kidogo. Mbili, mama. Hiyo tu naweza.

Nyimbo mbili! Nimepewa kidogo kuliko hapo na watu wanaonipenda zaidi.

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua ilinyesha mpaka karibu alfajiri. Ukungu mzito. Sioni ziwa, nalisikia tu. Jani halitikisiki.

Sikwenda misa. Nitasimama njiani, pale njia inapobana kati ya mawe, na hakuna mtoto atakayepita. Wanitukane. Wanibebe kama gunia. Nitauma!

Filimbi ya Léonard imeanza zamani. Ameshuka kweli wa kwanza, anawaamuru vijana wa komite: mikeka huku — pii! — viti vya wazee huku juu. Nimesikia vijana wakipanda kurudi kuchukua viti. Yeye amebaki. Sijaona mwanga wa mshumaa, lakini na ukungu huu ningeuonaje?

Mtu anagonga.

Ni Chantal. Amelowa mpaka magotini. Yves hayuko mgongoni — mara ya kwanza tangu Juni naona mgongo wake. Amemwacha kwa jirani. Mkononi ana kopo langu na kamba. Mshumaa ni mzima, utambi mweusi, haukuungua hata nusu kidole. Ameuteremsha ndani ya ukuta, kutoka pale juu alipokaa jana. Ameuwasha tena na tena, umezimika tena na tena.

— Mama Emérita. Sururu iko wapi?

Nimemwonyesha nyuma ya mlango. Ameichukua yeye. Amekimbilia kwa Michel kuchukua ya pili — kwa Michel! — na mimi natafuta viatu, naandika hii nimesimama, sijui kwa nini naandika, mkono haujui kufanya kitu kingine ukiogopa.

Kanisani wameanza kuimba wimbo wa furaha. Huo si mmoja wa zile mbili za kuchelewesha. Ni wa kushuka nao. Astrid, subiri! Mmoja zaidi!

Chantal amerudi. Ananiita. Naenda.

Léonard anapuliza. Atakuwa anatandika ile mikeka ya chini ya ukuta, ya wadogo. Mkeka hautandikwi ukiwa umesimama. Inabidi upige magoti.

Chantal amesimama nje, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza. Nami nasikiliza.

Filimbi imenyamaza.